Maji Yaliyo Chini ya Mafuta

Jioni ya tarehe 25 Oktoba 2005, huko Kallo nchini Ubelgiji, ng'ambo ya mto Scheldt ukitokea mjini Antwerp, tangi moja la mafuta ghafi lilianza kuvuja. Halikupigwa na radi, halikugongwa na gari, wala hakuna aliyelitia moto. Lilikuwa limesimama tu pale liliposimama miaka yote, na ndani yake mlikuwa na mita za ujazo zipatazo 37,000, yaani lita milioni 37. Haikupita zaidi ya robo saa, yote yakawa nje. Vilivyookoa hali ni vitu viwili: ukuta wa kinga unaozunguka matangi ulizuia sehemu kubwa ya mafuta, na moto haukuwaka.

Wachunguzi walipoingia ndani ya tangi lile tupu walikuta sakafu imebonyea karibu na ukingo, ikafanya mfereji unaofuata duara la ukuta. Mle mferejini maji yalikuwa yakituama. Tundu la kutolea maji lilikuwa mahali pengine, kwa hiyo hata wakitoa maji, yale ya mferejini hayakutoka. Yakabaki yanakula chuma, mwaka baada ya mwaka, mpaka bamba la sakafu likaisha unene. Siku hiyo likatoboka. Mafuta yakapenya, yakaanza kuchimba mchanga wa msingi ulio chini ya tangi, sakafu ikakosa pa kuegemea, ikachanika. Lita milioni 37 zimekwenda kwa sababu ya maji ambayo pengine yangetosha kujaza ndoo kadhaa tu.

 Nimeanza na Ubelgiji kwa kuwa kisa kile kilichunguzwa na kuandikwa vizuri, lakini mazungumzo yetu ya leo yanatuhusu sisi wa huku pwani kuliko tunavyodhani. Ukiwa Dar es Salaam ukavuka na pantoni kwenda Kigamboni au ukapita Kurasini, au ukiwa Mombasa ndani ya matatu pale Shimanzi na Changamwe, unayaona yale madude meupe ya duara yamejipanga nyuma ya uzio. Unajua adui yao mmoja ni moto, maana mabango yamejaa: usivute sigara, zima simu. Adui wa pili hana bango. Ni kutu, tena si ile ya nje unayoiona kwenye ngazi na vishikio. Nazungumzia kutu ya ndani.

Kwanza tuondoe dhana moja. Mafuta hayaozeshi chuma. Fundi yeyote wa gereji akitaka kifaa chake kisishike kutu, hukipaka oili au grisi akakiweka. Basi iweje chombo kilichojaa mafuta kitobolewe na kutu? Ni kwa sababu hakuna tangi lenye mafuta matupu. Kila tangi lina maji. Mafuta ni mepesi, yanakaa juu. Maji ni mazito, yanazama. Na yakishazama yanalala juu ya sakafu ya chuma, yamefunikwa na mafuta, hayaoni jua wala hayakauki.

Utauliza maji hayo yanatoka wapi. Mafuta ghafi huchimbwa yakiwa na maji yake, tena ya chumvi, na hata yakichujwa kisimani hubaki kiasi. Meli nayo huleta ya kwake. Bandarini, bomba la kutoka gatini hadi kwenye matangi mara nyingine husukumwa kwa maji ya bahari ili kutenganisha shehena moja na nyingine, na sehemu ya maji hayo huishia tangini. Matangi makubwa mengi yana paa linaloelea juu ya mafuta, linapanda na kushuka nayo. Mpira unaoziba nafasi kati ya paa na ukuta ukichoka, mvua ya masika inapita pale moja kwa moja.

Halafu kuna pumzi. Tangi lenye paa lisiloelea hupumua, na hilo si neno langu, ni neno la wenye kazi yao. Mchana jua likipiga, mvuke wa mafuta hutanuka na kutoka kupitia valvu ya juu. Usiku tangi likipoa, huvuta hewa ya nje kujaza nafasi. Sasa fikiria hewa ya usiku ya Mombasa au Tanga, ile inayolowesha nguo ulizosahau kwenye kamba. Hewa hiyo inaingia na unyevu wake na chumvi yake, inagusa bamba lililopoa, inageuka matone, matone yanateremka ukutani hadi chini. Kesho yake tena. Mwenye tangi hajaongeza tone la maji kwa mkono wake, lakini maji yanaongezeka. Ndiyo maana matangi hupakwa rangi nyeupe au ya fedha kwa nje: rangi hiyo hurudisha joto la jua, na pumzi inapungua. Si urembo, ingawa nimeona mahali ambapo nje panang'aa kila mwaka na ndani hapajafunguliwa siku nyingi.

Kutu haiwi sawa tangi zima. Juu, chini ya paa, kuna hewa, unyevu, na kama mafuta yana salfa, kuna gesi kali. Mabamba ya paa huliwa kwa ndani mpaka mtu anayetembea juu yake anajihatarisha. Katikati, kwenye ukuta, mafuta ghafi mazito yenye nta huacha utando unaokinga chuma. Petroli haifanyi hivyo. Petroli ni nyembamba, haiachi kitu, na tena hubeba oksijeni mara kadhaa zaidi ya maji, kwa hiyo ukuta wa tangi la petroli huweza kuliwa katikati kabisa, mahali ambapo mafuta hupanda na kushuka kila siku. Hilo ni la kukumbukwa hasa zama hizi ambapo mitambo iliyozoea mafuta ghafi inabadilishiwa kazi. Kiwanda cha TIPER cha Kigamboni kiliacha kusafisha mafuta mwaka 1999, kiwanda cha Changamwe kikaacha mwaka 2013, vyote vikabaki vya kuhifadhi. Na bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 hadi Ndola nchini Zambia, lililojengwa mwaka 1968 na kupitisha mafuta ghafi kwa miongo kadhaa, miaka ya karibuni limegeuzwa kupeleka dizeli. Chombo kikibadilishiwa mzigo, tabia ya kutu yake nayo hubadilika, na ratiba ya ukaguzi iliyotungwa kwa mzigo wa zamani haifai tena.

Lakini balaa lenyewe liko chini. Chini ndiko kwenye maji, chini ndiko kwenye tope la nta, mchanga na vipande vya kutu iliyodondoka kutoka juu. Na chini ndiko wanakoishi wadudu wasioonekana kwa macho.

Hawa ni bakteria, na kundi linaloogopwa zaidi ni lile linaloishi bila oksijeni na kutumia salfeti. Sehemu isiyo na hewa, yenye giza, yenye joto la wastani, yenye chakula cha kaboni juu na maji ya chumvi chini: ukitaka kuwajengea makazi usingewajengea bora zaidi. Maji ya bahari yana karibu gramu 2.7 za salfeti kwa kila lita, kwa hiyo tangi lililoingiwa na maji ya bahari limewaletea bakteria hao posho. Wanachotoa ni gesi ya salfidi ya hidrojeni, ile yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo hushambulia chuma na kuacha unga mweusi, salfidi ya chuma. Bakteria hukaa pamoja chini ya utando mzito wa ute, na chini ya utando huo chuma huchimbika.

Neno la kushika hapo ni kuchimbika. Kutu inayokula bamba lote kwa usawa haitishi sana; bamba la milimita 6 likipungua sawasawa, mkaguzi ataona na kuhesabu miaka iliyobaki. Kinachotisha ni kishimo kimoja. Asilimia tisini na tisa ya sakafu inaweza kuwa nzima kabisa, imara, hata alama za kiwandani bado zinasomeka, na mahali pamoja pana kishimo kinachozama chini bila kutanuka. Kikizama nusu milimita kwa mwaka, bamba la milimita 6 limetobolewa kwa miaka 12. Kikizama milimita moja, miaka 6. Wastani wa unene wa sakafu nzima hauna maana yoyote hapo, na ripoti inayotaja wastani peke yake ni ya kurudishwa kwa aliyeiandika.

Na kishimo kikishatoboka, usitegemee vipimo vya kila siku vitakuambia. Piga hesabu nami. Tangi lenye upana wa mita 50, kimo cha mafuta kikishuka milimita moja tu, zimeondoka karibu lita 2,000. Nani ataona milimita moja, ikiwa joto la mchana peke yake linatanua mafuta na kupandisha kimo zaidi ya hapo? Mafuta yanaweza kwenda ardhini wiki kwa wiki na vitabu vikaonyesha kila kitu sawa. Kigamboni watu wengi wanatumia maji ya visima. Sihitaji kuendelea.

Tuje kwenye kinga. Wahandisi watakutajia nyingi, na zote zina nafasi yake. Ila kama ungenilazimisha nichague moja, ningechagua ile isiyo na fahari yoyote: kutoa maji.

Baharia wa jahazi anajua kwamba chombo hata kiwe kipya, kitavuja kidogo, na maji yatakusanyika kwenye ngama. Hangoji yafike kwenye mzigo, anayafua kila siku. Sakafu ya tangi ndiyo ngama yake. Kazi yenyewe ni hivi. Asubuhi, kabla ya kupokea wala kutoa mafuta, mfanyakazi anapanda ngazi hadi juu na utepe wa kupimia wenye bildi ya shaba nyeupe. Kwenye bildi amepaka dawa maalumu ambayo haibadiliki ikigusa mafuta, lakini ikigusa maji hubadilika rangi. Anateremsha utepe mpaka uguse sakafu, anasubiri kidogo, anauvuta. Pale dawa ilipobadilika rangi ndipo maji yalipofika. Anasoma sentimita, anaandika.

Kisha anashuka, anafungua valvu ya chini. Anafungua taratibu. Akiifungua yote kwa pupa, maji yatazunguka kwa kasi kuelekea tunduni na kuvuta mafuta kutoka juu kupitia katikati, naye ataona mafuta yanatoka, atadhani maji yamekwisha, atafunga, na maji mengi yamebaki. Ukifungua taratibu, yanatoka kwanza maji ya kahawia, pengine yenye chembe nyeusi na harufu mbaya. Hizo chembe nyeusi ni barua kutoka kwa bakteria; mfanyakazi mzuri hukinga kidogo kwenye chupa ya kioo na kupeleka maabara. Halafu unakuja mchanganyiko, halafu mafuta safi. Anafunga. Maji hayo hayamwagwi mtaroni; yanakwenda kwenye shimo la kutenganisha, kwa sababu yana mafuta na yana sumu.

Kazi hiyo haihitaji shahada. Haihitaji fedha za kigeni. Na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Kwa nini? Naona sababu tatu, na hakuna hata moja ya kihandisi. Kwanza, haina shukrani: hakuna mkurugenzi aliyewahi kusimama mbele ya wanahisa akajisifu kwamba mwaka huu tumetoa maji. Pili, valvu ile ile ya kutolea maji ndiyo mlango wa mwizi wa mafuta, kwa hiyo inatiwa kufuli, ufunguo unakaa kwa mkubwa, lazima wawepo mashahidi na karatasi za kutia sahihi, na mwisho kazi ya kila siku inakuwa ya kila mwezi. Ulinzi dhidi ya mwizi wa nje umemfungulia mlango mwizi wa ndani. Tatu, mafuta kidogo hupotea pamoja na maji, na mhasibu anayaona mafuta yale. Kishimo kinachochimbika sakafuni haoni.

Umbo la sakafu nalo lina neno. Matangi mengi ya zamani yana sakafu iliyoinuka kidogo katikati, ili maji yakimbilie ukingoni. Ukingo wa tangi la upana wa mita 50 una urefu wa zaidi ya mita 150, na valvu za kutolea maji ni chache. Msingi ukititia upande mmoja, unapata dimbwi lisilo na njia, kama lile la Kallo. Muundo ulio bora kwa maji ni sakafu inayoteremka kuelekea katikati, kwenye kisima kidogo chenye bomba la kunyonyea. Ni ghali zaidi kujenga, na ukishajenga huwezi kubadilisha kirahisi. Kwa hiyo anayejenga leo anaamua usalama wa wajukuu zake, na mara nyingi anaamua kwa bei ya zabuni.

Kinga ya pili ni rangi, au tuseme utando, kwa sababu haifanani na rangi ya nyumba. Sakafu yote ya ndani, na ukuta wa chini kiasi cha nusu mita hadi mita moja, hupakwa epoksi nzito, wakati mwingine yenye magamba madogo ya kioo au iliyotandikwa nyuzi za kioo. Utando huo hutenganisha chuma na maji. Ukiwekwa vizuri unadumu miaka mingi. Ukiwekwa vibaya ni afadhali usingewekwa, kwa sababu kutu hukusanya nguvu zake zote kwenye tundu dogo lililoachwa.

Huku kwetu pwani kuweka vizuri si mchezo. Chuma husafishwa kwa kupigwa chembe kali kwa upepo wa kompresa mpaka kibaki cheupe karibu kabisa, kiwe na mikwaruzo ya kushika epoksi. Sasa kuanzia hapo ni mbio. Chuma kilichovuliwa nguo hivyo, katika hewa ya bahari, huanza kugeuka rangi ya chungwa baada ya saa chache tu. Kanuni inadai bamba liwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho unyevu wa hewa hugeuka umande, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Siku nyingi Dar es Salaam alfajiri unyevu unazidi hapo kabla hujaanza kazi. Ndiyo sababu mkandarasi makini huleta mashine za kukausha hewa, anaziba tangi, anazipiga usiku na mchana. Asiye makini huangalia saa, huangalia mkataba, hupaka. Na kuna chumvi. Jicho halioni chumvi juu ya chuma. Lazima chuma kioshwe kwa maji safi na kupimwa. Chumvi ikifungiwa chini ya epoksi, itavuta maji kupitia kwenye utando wenyewe na baada ya miezi utaona malengelenge.

Mwisho wa kazi hiyo kuna jaribio ambalo napenda sana. Taa zinapunguzwa. Mkaguzi anashika brashi ya nyaya laini iliyounganishwa na umeme wa volti nyingi, anaipitisha juu ya sakafu iliyokauka, taratibu, mstari kwa mstari. Pale epoksi ilipo nzima, kimya. Pale penye tundu, hata lisiloonekana kwa jicho, cheche ya buluu inaruka na kifaa kinalia. Anachora duara kwa chaki, anaendelea. Sakafu ambayo macho yangeipitisha bila swali huweza kujaa maduara ya chaki. Mkandarasi hukasirika; mwache akasirike.

Juu ya hayo, wengine hufunga vipande vya zinki au alumini sakafuni, kama vile ambavyo mafundi wa meli hufunga chini ya maji karibu na rafadha. Metali hizo huliwa mahali pa chuma. Zinasaidia pale tu zilipozama majini, na zikiisha lazima zibadilishwe. Kipande kilichoisha ni kumbukumbu tu ya nia njema. Kuna dawa za kuua bakteria, ambazo zinafaa ikiwa kwanza umetoa maji na tope, kwani ukimimina dawa juu ya tope nene unaua wa juu na kuwaacha wa chini. Kuna gesi ya nitrojeni inayojazwa juu ya mafuta kuzuia hewa ya nje. Yote hayo ni nyongeza.

Kinga ya mwisho ni kufungua tangi na kuingia. Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, ilitoa mwaka 1991 kanuni yake namba 653 kuhusu ukaguzi wa matangi, na nchi nyingi zinaifuata au zimeiga. Kwa kawaida ukaguzi wa kwanza wa ndani hufanywa ndani ya miaka 10 tangu tangi lianze kazi, na unaofuata hupangwa kulingana na kasi ya kutu iliyopimwa, kwa kawaida bila kupita miaka 20. Wakaguzi hupitisha juu ya sakafu mashine yenye sumaku kali. Penye kishimo, hata kilicho upande wa chini usioonekana, mkondo wa sumaku huvuja na mashine huonyesha. Maungio ya kuchomelea hupakwa povu la sabuni, huwekewa kisanduku chenye kioo na kunyonywa hewa. Penye tundu povu hutoa mapovu. Bamba lisilokuwa na kinga ya ziada halitakiwi kushuka chini ya milimita 2.5 kabla ya ukaguzi unaofuata.

Wenye matangi hawapendi kufungua, na nawaelewa. Tangi lililofungwa haliingizi fedha kwa wiki au miezi. Na kazi yenyewe ni ya hatari. Gesi ya yai viza ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo mfanyakazi anapoacha kuisikia harufu ndipo ajali iko karibu zaidi. Ule unga mweusi wa salfidi ya chuma ukikauka na kukutana na hewa huweza kuwaka wenyewe bila kiberiti. Lazima ulowanishwe maji mpaka utolewe nje. Kijana anayepewa koleo na ndoo akaambiwa aingie, bila hewa kupimwa, bila mtu mlangoni anayemtazama, bila kamba, ametumwa kaburini. Sitaki mtu yeyote atumie mazungumzo haya kuharakisha usafishaji wa aina hiyo.

Mkisema haya ni mambo ya mafuta ghafi na makampuni makubwa, sikilizeni na hili. Mwanzoni mwa 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Kwa mapafu yetu ni heri tupu, na sitaki turudi nyuma. Lakini Marekani, ambako walihamia dizeli ya salfa ndogo zaidi mapema, walianza kuona kutu ya ajabu kwenye matangi ya dizeli yaliyokuwa hayana shida. Wakala wao wa mazingira ulichunguza matangi 42 ya chini ya ardhi na kutoa ripoti mwaka 2016: asilimia 83 yalikuwa na kutu ya wastani au kali ndani, na wenye matangi waliokuwa wanalijua hilo hawakufika robo. Tena yalikuwamo matangi ya chuma na hata ya faiba, ambayo chuma chake ni vifaa vya ndani tu. Maji kidogo chini yalikuwa miongoni mwa vitu vilivyotiliwa shaka. Mwenye kituo cha mafuta cha matangi mawili barabarani Morogoro au Voi anahusika sawa na mwenye bandari.

Sasa tazama kule Chongoleani, nje kidogo ya Tanga. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima nchini Uganda, kilomita 1,443, linaishia pale, na mpango ni matangi manne, kila moja la mapipa 500,000. Mapipa 500,000 ni karibu mita za ujazo 79,500. Tangi moja tu linazidi mara mbili ya yote yaliyomwagika Kallo. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi, yakipoa huganda, kwa hiyo husafirishwa na kuhifadhiwa yakiwa ya moto. Nta itawasaidia kwenye kuta. Chini itawaletea tope, na chini ya tope ndiko tunakozungumzia tangu mwanzo. Mitambo ni mipya, na kipindi kama hiki ndicho kizuri kuliko vyote cha kuweka tabia: daftari la maji la kila siku lianze tangu tangi la kwanza linapopokea mafuta, lisingoje kasoro.

Wadhibiti wa sekta ya mafuta, EWURA huku Tanzania na EPRA kule Kenya, wana mamlaka ya kudai kumbukumbu hizo. Ningependa waende hatua moja mbele, wabandike hadharani, kwa kila tangi kubwa, mwaka lilipofunguliwa mara ya mwisho na mwaka litakapofunguliwa tena. Si siri ya biashara. Mshindani hapati faida yoyote kwa kujua.

Nawe msikilizaji unayeishi jirani na matangi, siku kampuni ikiita mkutano wa mtaa au baraza la chifu, usiulize kama wanajali mazingira. Wote watajibu ndiyo. Uliza tarehe. Tangi hili lilifunguliwa lini, sakafu ilipimwa na nani, bamba jembamba kuliko yote lina milimita ngapi, na jana mmetoa maji kiasi gani? Wakikujibu kwa tarehe na namba, washukuru na uandike. Wakikujibu kwa fulana na kofia, pokea fulana, kisha uliza tena.